Kaseti Iliyokaa Kwenye Kapu la Bibi

Juzi mwanangu kaunganisha mashine ya kuazima kwenye kompyuta yetu pale sebuleni, hapa Kahama. Akaniita, "Mama, njoo. Kaseti yako inaongea." Ndugu yangu, nilikuwa nachambua mchele. Ungo ulinitoka mikononi.

Kaseti yenyewe ni ndogo kama kiberiti. Miaka ile ya tisini bibi aliifunga kwenye kitambaa akaipeleka kwa Mhindi wa duka la redio. Yule baba akaigeuzageuza, akasema, "Mama, hii si ya redio. Hii inataka mashine yake." Tukarudi nayo. Nilichokuwa naomba ndani yake ni kitu kimoja tu: kaka yangu yumo au hayumo?

Mimi shule niliishia la nne. Nilipoacha, nikakaa na bibi machimboni tukiponda mawe. Ungekuwepo ungependa. Asubuhi vumbi jeupe, moshi wa kuni, michembe ya viazi iliyopikwa na karanga, kina mama wamekaa mstari mmoja wanaimba, nyundo zinafuata wimbo. Kule kwetu nyundo zikilia, watu ni wazima. Nyundo zikinyamaza, kuna mtu kafa. Hata leo sebule ikinyamaza ghafla, natoka nje.

Kaka alikuwa anashuka duarani, lile shimo la dhahabu. Siku moja nilijiponda kidole kwa nyundo, akaniita Kidole, basi jina likawa hilo.

Siku ile ya kaseti alikuja padri mmoja, mpenzi wa nyimbo za kazi. Kinasa sauti chake alikiweka kwenye mti wa mdomo wa duara, apate wimbo wetu na wa wavuta kamba. Mchana duara likaporomoka. Mwenye duara akatangaza kwamba kaka hakuwa chini, eti alishatokea tundu la pili akatoroka na mfuko wa mawe. Nikapiga kelele: nilimwona akishuka, na hakupanda! Jioni msimamizi wake akaja hadi mlangoni kwetu, akacheka, akanishika shavu.

"Mama, mfundishe mjukuu wako kunyamaza. Bado mdogo sana huyu kufa."

Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja chake, kinanuka karanga. Mkojo ulinitoka palepale. Na yule padri, mgambo walishamfukuza, mashine wakaivunja, ila kaseti aliwahi kuichomoa akaidumbukiza kwenye kapu la bibi. Hatukumwona tena. Tukabaki familia ya mwizi. Bibi kila msafiri wa kutoka machimbo ya Nyarugusu alimuuliza kama kamwona kijana wake huko. Michembe ya kaka aliiweka pembeni mpaka ikaota ukungu. Kafa anauliza.

Sasa mwanangu anabonyeza, na kwenye kioo sauti inajichora milima milima. Nyundo! Wimbo! Bibi anakohoa! Nikashika kiti. Nilijua kinachokuja, na sikuwa na pa kukimbilia.

"Mayu, shikamoo," sauti ya kaka, anamsalimia bibi. "Wewe Kidole, michembe yangu usimalize, nitakuponda na kingine!" Na mimi nacheka.

Kisha yuko karibu kabisa na mashine. "Bosi, matimba ya chini mmeng'oa. Miti haipo, udongo unashikiliwa na nini?"

"Unaogopa kama umeposwa," msimamizi anasema. Watu wanacheka. "Shuka!"

Kamba inalia. Anashuka. Baadaye kidogo ukatokea mshindo, kama gunia limeangushwa chumba cha pili. Milima ikalala. Mwanangu akanyoosha mkono. "Imeisha, mama."

"Haijaisha. Acha!"

Na kweli. Mwenye duara yule yule, kwa sauti ya chini: "Vuteni kamba. Tukifukua, serikali itafunga duara. Mkiulizwa, katokea tundu la pili."

Mtu mmoja anasema, "Bosi, mbona kama anagonga?"

"Nimesema vuteni kamba."

Huyo ndiye muuaji wa kaka yangu, na wa pili ni msimamizi wake. Sisemi kwa kubahatisha tena. Mwenye duara yupo hapahapa mjini, ana nyumba ya wageni, watoto wakimpita wanamwamkia shikamoo, anaitika marahaba kwa sauti ileile.

Mawe sasa yanasagwa na mashine, kina mama wa mstari ule wamekwisha, duara limeota majani. Wimbo ule hakuna anayeuimba. Umebaki kwenye kompyuta, kwa mwanangu asiyemjua hata mmoja.

Alirudisha nyuma, akasikiliza pale penye ukimya. "Mama, kuna kitu kinagonga. Kidogo kidogo. Ni mjomba huyo, chini?"

Nikasogeza sikio. Nyundo zote zimenyamaza, imebaki moja, nyepesi, ya mtoto, inaendelea peke yake.

"Hapana," nikamwambia. "Huyo ni mimi. Nilikuwa sijajua bado."