Kura ya Mjomba Cephus

Kichwa cha mtu kikishaingia kwenye beseni la Lurlean Spruill, hakina pa kukimbilia. Maji ya vuguvugu yanamwagika, vidole vinasugua, na mdomo wa Lurlean unafanya kazi yake. Kwa njia hiyo msusi huyu wa pwani ya Carolina Kaskazini amepatanisha wanandoa na kurudisha walevi kanisani, na mwaka ule wa 2004 hakuna aliyeinuka kwenye kiti chake bila kuahidi kwamba atapiga kura, tena mapema, siku kadhaa kabla ya uchaguzi wenyewe, kabla mistari haijawa mirefu.

Wasio na nywele aliwafuata majumbani. Mgumu kuliko wote alikuwa Mjomba Cephus Blount, kaka wa marehemu mama yake, fundi mwashi mstaafu aliyefikisha miaka themanini bila kupiga kura hata moja. Alipokuwa kijana alikwenda kujiandikisha, akaambiwa, kama weusi wote wa siku zile, asome kipande cha katiba na kukieleza. Akasoma, akaeleza, na karani akamkatalia vilevile. Cephus alirudi nyumbani na kuapa kwamba hatadhalilishwa mara mbili kwa jambo moja.

"Hata ukipewa hiyo karatasi, binti, wataitupa," alimwambia Lurlean.

"Siku hizi ni mashine, Mjomba. Unagusa jina, basi. Mashine haina habari na rangi ya mtu."

"Na wanaoishika hiyo mashine?"

Lurlean akampelekea pai ya viazi vitamu. Juma lililofuata akampelekea nyingine. Mzee alikula zote mbili na hakulegea. Kilichomlegeza ni kwamba Odessa Pruitt alikuwa anagombea udiwani wa wilaya. Odessa ndiye muuguzi aliyemhudumia mke wa Cephus mpaka alipofariki, na mzee hakuwa mtu wa kusahau fadhila.

Jumapili, ibada ilipokwisha, basi la kanisa liliwapeleka wazee moja kwa moja kwenye ofisi ya wilaya, Lurlean akiwa kwenye usukani. Mjomba Cephus alivaa suti yake ya kijivu. Alikaa mbele ya mashine muda mrefu mpaka watu nyuma yake wakaanza kukohoa. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Imeniandikia asante," alisema. Akarudia tena ndani ya basi, kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka. Lurlean aliendesha huku anafuta machozi, na ni bahati barabara ilikuwa tupu.

Siku mbili baada ya uchaguzi, habari ikatoka. Mashine ile ilikuwa na kiasi chake cha kura inachoweza kuhifadhi, na walioiweka pale waliamini kiasi hicho ni kikubwa zaidi. Ikajaa katikati ya juma la kwanza la kura za mapema, kabla ya Jumapili ile. Mgeni akishiba husema nimeshiba, akasogeza sahani. Mashine hii haikuwa na adabu hiyo. Iliendelea kupokea, ikaendelea kushukuru, na onyo dogo likawa linamemeta pembeni bila mtu kuliona. Maelfu ya kura hazikuwa popote. Hazikuchakachuliwa wala kuibwa, ila hazikuwapo, na zile za basi la kanisa, pamoja na ya Lurlean mwenyewe, zilikuwa miongoni mwazo. Odessa alikuwa nyuma kwa kura chache sana.

Lurlean aliendelea kuosha vichwa, lakini kimya. Wateja wakadhani anaumwa. Aibu aliyokuwa nayo haikuwa ya kosa lake, na pengine ndiyo sababu hakujua aiweke wapi. Kwa Mjomba hakwenda. Alipita njia ya nyuma ili asione baraza yake.

Mwishowe mzee alikuja mwenyewe saluni, akaketi chini ya mashine ya kukaushia nywele, na upara wake.

"Nasikia ilijaa," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Lurlean alingoja matusi, na kwa kweli aliyataka. Mzee aliuliza tu kama ni kweli kwamba waliopotezewa kura wataitwa kupiga tena. Lurlean akakiri kuwa ni kweli, bodi imekwisha kupanga siku.

"Basi unipitie mapema. Sitaki kusimama kwenye mstari ule tena."

Asubuhi ya siku yenyewe, Lurlean alikuwa anapasha moto basi la kanisa, redio iliposema kwamba Odessa Pruitt amekubali kushindwa. Alisema amechoka na kesi ya kura zile mahakamani na hataki wilaya igawanyike zaidi. Mpinzani wake ataapishwa, na uchaguzi wa marudio umefutwa. Lurlean alimtukana Odessa kwa sauti, akajuta, kisha akaenda kwa Mjomba kwa miguu, polepole.

Alimkuta barazani, amevaa suti ya kijivu, kofia magotini. Akamweleza yote. Mzee akavaa kofia.

"Kwa hiyo haitahesabiwa kabisa."

"Haitahesabiwa, Mjomba. Nisamehe."

"Kalete gari."

"Tunakwenda wapi?"

"Kulekule."

Ofisi ya wilaya ilikuwa imekwisha kuondoa vibanda vya kura. Kwenye kaunta alikuwepo karani, Bi. Marjorie Teel, ambaye kwa miezi miwili alikuwa ametukanwa kwa simu kila siku kwa kosa ambalo si lake. Alipowaona akaanza kuomba radhi kabla hawajafungua mdomo. Mjomba Cephus alivua kofia, akamwacha amalize.

"Sikuja kugomba, mama," alisema. "Nimekuja kukuambia nilimpigia nani."

Bi. Teel akashtuka. "Mzee, usiniambie. Kura ni siri."

"Ilikuwa siri mlipokuwa nayo. Sasa hamnayo. Niliyenayo ni mimi peke yangu, na umri wangu unauona."

Watu waliokuja kwa shida zao nyingine, vibali vya kujenga na vyeti vya kuzaliwa, waliacha kuzungumza. Mjomba Cephus Blount alijiweka sawa kama mtu anayeapishwa, akataja jina lake kamili, mtaa anaoishi, kisha akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Odessa Pruitt."

Bi. Teel aliinamisha kichwa. Hakuwa na pa kuliandika.

"Nimesikia, Bwana Blount," alisema.

Mzee alivaa kofia na kusogea pembeni, na Lurlean akasogea mbele ya kaunta na kutaja jina lake kamili.