Kifungu cha nne

Leo nimeionea wivu chupa ya asali.

Mama Kulwa, muuza asali wa hapa Itetemia, ametoa lebo mpya. Rafiki yangu Nyamizi alimchorea nyuki. Maneno nilitunga mimi: "Nyuki wamehangaika, wewe onja tu."

Chini ya nyuki pameandikwa: Mchoro wa Nyamizi.

Chini ya maneno yangu hakuna kitu.

Nikamwamkia Mama Kulwa. Nikamwamkia tena. (Mnanijua.)

"Marahaba ya pili hiyo," akacheka. "Sema, mwanangu."

Nikauliza kuhusu jina langu.

"Wewe ulisema 'sawa, mama,' ukaondoka. Mwenzio alileta mkataba. Kifungu cha nne, jina lake liwepo."

Kifungu cha nne nakijua. Nilikiandika mimi. Nyamizi aliniomba nimwandikie mkataba wote kwa sababu naweza Kiswahili cha vitabuni. Wangu niliona aibu kumpelekea mtu mzima asaini.

Kwa hiyo jina langu lipo, ila kwenye mkataba wa Nyamizi, mstari wa mwisho: Shahidi.

Usiku huu naandika wangu. Nani atanisainia kama shahidi?

Nyamizi, wewe subiri kwanza.