Nilivyoitafuta kanda ya kwanza ya Ngurumo za Minago

Wakuu, amahoro kwenu.

Niko Rumonge, Burundi, huku kwenye ufukwe wa Tanganyika. Nilikulia kambi ya wakimbizi huko Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu ni nusu cha huko, nusu cha huku. Mtanivumilia. Ila chumvi sijatia. Mwenye mashaka apande gari aje, wahusika wote wapo na nitampeleka kwao.

Nataka kuwaambia habari za bendi ya rock.

Ndiyo, rock. Najua mkisikia Burundi mnawaza ngoma tu. Huku kuna watu wazima, waumini wazuri wa kanisa, wanaopiga magitaa ya umeme mpaka mabati yanatetemeka. Wanaitwa Ngurumo za Minago.

Walianzia kambini. Elie, Mrundi mwenzangu, alikuwa anaimba na kupiga gitaa la solo. Dieudonné alishika bass. Kwenye drum alikuwepo Bahati, Mkongo wa Kivu Kusini, mtu mwembamba mwenye mikono kama ya mfua vyuma. Amani iliporudi wote watatu wakaja kuishi huku ziwani, na bendi haikuvunjika.

Mimi nauza mawese ya Kizuka. Muziki siujui kwa shule, naujua kwa mapenzi. Na nawaambia, kazi zao nimezisikiliza zote, isipokuwa moja.

Albamu waliyotoa baada ya kurudi inahusu mashamba. Watu wanakuta shamba la baba lina mwenyewe mwingine, na wote wawili wana haki. Elie haimbi kwa hasira. Anauliza maswali tu, halafu gitaa ndilo linalokasirika. Nimeona wazee waliogombana mahakamani wakiitikia kiitikio kimoja.

Iliyofuata sikuipenda. Kuna mtu aliwashauri waweke kinanda, kikajaa kila mahali kama sukari kwenye chai ya msiba. Hata Elie mwenyewe akiulizwa anacheka tu.

Lakini ile waliyotoa ziwa lilipopanda likameza nyumba za ufukweni! Wakuu, hiyo isikilizeni mkiwa mmekaa. Bahati anapiga drum polepole, kama maji yanayogonga mlango. Hakuna wimbo wa haraka hata mmoja. Muda mfupi baada ya kuirekodi aliugua, akafariki. Tulimzika Magara.

Sasa ile moja ambayo sikuwahi kuisikia ni ya kwanza kabisa. Kaseti waliyorekodi kambini, ndani ya kanisa la matope, kwa redio moja. Nakala ya Elie ilikwenda na maji pamoja na nyumba yake. Za watu wengine zilipotelea kwenye kuhamahama.

Mwaka huu Elie akaniita kwake, juu kidogo ya Minago, alikohamia. Akageuza kichwa ili nimsemeshe upande wa kulia.

"Sikio la kushoto limekufa," akaniambia. "Hili la kulia nalo linaondoka. Daktari amesema ni zile spika, miaka yote nimesimama karibu nazo. Ndugu yangu, nitafutie ile kaseti. Nataka nimsikie Bahati wa ujanani kabla halijafunga."

Niliondoka pale nimevurugika.

Dieudonné akanikumbusha kwamba Bahati hakuwa mtu wa kutupa kitu. Nikachukua pikipiki mpaka Magara kwa mjane wake, Mama Furaha. Huyu mama ananunua ndagala, yaani dagaa, kwa wavuvi, anazianika, anawauzia wafanyabiashara. Nilimkuta anazigeuza juani.

Nikajieleza. Akanisikiliza bila kuacha kazi.

"Kaseti iko," akasema. "Lakini haitoki hapa."

"Mama, tutakurudishia."

"Kuna watu walibebaka picha yangu ya ndoa, wakasema watarudisha. Mpaka leo niko nangojea."

Nikamweleza habari za masikio ya Elie. Mikono yake ikatulia.

"Elie hasikii?"

"Anasikia kidogo. Sijui mpaka lini."

Akatazama ziwa, akatazama ndagala zake. "Basi nitakuja nayo mimi mwenyewe. Haitatoka mukononi mwangu. Na nikisema basi, ni basi."

Nikamwambia murakoze, asante, kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Jumapili baada ya ibada tukakusanyika kwa Elie. Mimi, Dieudonné, Mama Furaha na fundi mmoja wa redio niliyemtoa mjini na mashine yake. Mama alikuwa ameifunga kaseti kwenye kitenge. Akatuambia hajaisikiliza tangu mumewe afariki, redio yao iliharibika.

Fundi akaiweka. Ikalia kidogo, mara ikaanza kukoroma, mashine ikautafuna utepe.

Mama Furaha akaruka. "Toa! Toa!"

Fundi alishika mkasi, akisema kipande kilichojikunja kikatwe. "Usikate kitu!" mama akamkemea. Ikabidi fundi autoe taratibu kwa vidole, aunyooshe, auzungushe kwa kalamu. Nilijiona nimeharibu kitu cha watu.

Akaweka tena. Safari hii ikakubali.

Wakuu, sijui niielezeje ile sauti. Magitaa yanakwaruza, wimbo wa pili Elie anakohoa katikati, mvua inasikika kwenye paa. Lakini vijana wale walikuwa na moto! Bahati anapiga kama anayefukuzwa. Kila kitu nilichokipenda kwenye albamu zao za baadaye kilikuwa tayari kimo humo, kibichi.

Elie alikuwa ameegemeza sikio la kulia kwenye spika, amefumba macho, vidole vinatafuta nyuzi hewani.

Wimbo wa mwisho ukaisha. Hakuna aliyezima mashine, maana kila mtu alikuwa anahangaika na machozi yake. Utepe ukaendelea kuvuma mtupu. Halafu, kwa mbali, ikaja sauti ya mwanaume:

"Ngojeni kwanza. Mama Furaha yuko mlangoni na chakula, analowa na mvua. Mwambieni aingie."

Mama Furaha akashika mdomo.

Zamani zile, kila mtu aliisimamisha kaseti wimbo wa mwisho ukiisha. Hata yeye.

"Ile siku niliachaka chakula mlangoni, nikarudi nyumbani nimekasirika kwamba hakuna aliyeniita ndani," akasema. "Nilidhani hakuniona. Nilimununia wiki nzima, naye hakujitetea."

Elie alikuwa anatuangalia usoni mmoja mmoja. Ile sauti aliitambua, ila maneno yalikuwa madogo mno kwake. "Amesema nini? Bahati amesema nini?"

Dieudonné alitaka kumjibu, mama akamzuia. Akapiga magoti kando ya Elie, akaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia, akamrudishia maneno yote, neno kwa neno, kwa sauti kubwa. Elie akacheka huku analia. "Ndiyo yeye," akasema. "Ndiyo yeye kabisa."

Fundi aliinakili kazi yote kwenye flash. Kaseti ikarudi Magara ndani ya kitenge chake. Baadaye studio moja ikajitolea kuisafisha, wakashauri kuondoa kikohozi, mvua na yale maneno ya mwisho. Elie akawajibu kwamba wasafishe mashine zao, hii waiache. Imetoka hivyo hivyo. Sasa Mama Furaha anaipiga kwenye simu kila akigeuza ndagala, na wavuvi wa Magara wanalijua lile ombi la Bahati kama kiitikio.

Nilichojifunza ni kimoja: wapendwa wenu warekodini wakiongea pia, msingoje mpaka waimbe. Na kitu kikiisha, msiharakishe kuzima.

Kama kuna mtu humu alikuwa kambini enzi zile akaisikia Ngurumo pale kanisani, ajitokeze. Wengine nipeni za kwenu: ni sauti ya nani mnayo, au mnatamani mngekuwa nayo? Nasoma zote, na nitakazoweza nitamsomea Elie sikioni.