Hina ya Unyayo wa Mama

Mama yangu alikuwa na doa jeusi kisiginoni, na mimi ndiye niliyelificha. Nalisema mapema msije mkanionea huruma bure.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwetu Jambiani. Doa lilianza dogo, kama punje ya pilipili manga. Mama akienda peku pwani kufukia makumbi ya nazi, tukadhani mwiba umembakia ndani. Fundi wa kijijini akalichoma kwa chuma cha moto. Pakapona, kisha likarudi pana zaidi. Hiyo ndiyo operesheni ya kwanza aliyofanyiwa.

Mwezi ule liliporudi, mama alikuwa anamwoza mdogo wangu. Mama wa bibi harusi hukaa mkekani kanyoosha miguu, na wanawake wenzake hawaachi kumtazama nyayo. Aibu niliiona mimi kuliko yeye. Nikamwambia, "Mama, nikupake hina unyayo mzima, halitaonekana." Akanipa mguu. Nilirudia mara tatu, na piko, ile rangi nyeusi, juu yake, mpaka unyayo ukawa mweusi tii. Hina ya mkono wangu ilikuwa ikisifiwa, haitoki upesi.

Harusi ilipokwisha, kisigino kikaanza kutoa damu. Tukapanda gari la shamba mpaka mjini, hospitali.

Daktari alimgeuza unyayo kwenye mwanga wa dirisha. Akapangusa kwa spiriti, akapangusa tena. Pamba ikatoka nyeupe. Nesi akatutafsiria: hii ni saratani ya ngozi, dawa yake kisu, na kisu kinafuata mpaka wa weusi. Angeuona mpaka, angejaribu kuchota nyama ya kisigino na kubandika ngozi ya paja. Sasa hauoni. Kungoja hina ichujuke ni wiki nyingi, na maradhi hayangoji. Atakata mguu chini ya goti, kesho.

Nilikwenda mbio sokoni Darajani kununua ndimu. Nikamsugua mama pale pale kitandani, nikasugua mpaka akasema, "Mwanangu, waniumiza." Wapi! Hina ilikuwa vile vile. Nilijichukia siku ile, na sijaacha.

Uzeeni nami nimetolewa doa, la begani. Daktari ni msichana, umri wa mjukuu wangu. Alikata kipande kidogo kwanza, kikatazamwa kwa hadubini. Niliporudi mara ya pili akachora mstari kwa kalamu kulizunguka doa, akatia ganzi, akakata, na kingo nazo zikapelekwa kupimwa kama kumebaki kitu. Muda wote tunazungumza. Akaniuliza, "Bibi, unalia nini?" Nikamwambia sindano inauma. Ningemwambia nini? Daktari wa mama alikuwa na macho yake tu, na mimi niliyafumba.

Asubuhi ya kisu cha mama, yule daktari wake aliuliza, wala si kwa ukali, nani aliyempaka mgonjwa hina. Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia: "Nimejipaka mwenyewe."

Mtu hawezi kujipaka nyayo vile, na nesi, mwanamke wa Kiunguja, alilijua hilo. Alinitazama mikono, yenye hina ile ile, kisha akatafsiri kama alivyoambiwa. Wakamsukuma mama kwa kitanda cha magurudumu, nami nimesimama kimya na ulimi ninao.

Aliishi miaka sita kwa magongo. Nikimpikia, nikimwogesha, nikimkokea moto wa baridi. Lakini "Mama, nisamehe," sikumwambia hata siku moja.