Dakika ya Baba Wawira

Mwanangu, kuna siku moja ya mvua ambayo hunirudia kila nikisikia mtu akijaribu kipaza sauti hapa kwetu Kanja. Tulikuwa tukimzika Wawira, binti wa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, aliyechukuliwa na maji akitoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyapimia. Hatukuwa na daraja. Tulivuka juu ya magogo mawili.

Kaka yangu Mugendi ndiyo kwanza alikuwa amechaguliwa kuwa mbunge. Mimi niliishia shule ya msingi na aibu ilinifunga mdomo tangu utotoni. Yeye alikuwa na mdomo wa sisi wawili. Siku hiyo aliombwa asalimie watu tu, kisha baba wa marehemu aongee juu ya mtoto wake. Mugendi akaanza na daraja. Kutoka darajani akaingia barabara, kutoka barabara akaingia wapinzani wake, akawatania mpaka watu wakacheka na kusahau wako wapi. Baba Wawira alikaa kando ya jeneza, kofia mkononi, akingoja. Mvua ikashuka. Mchungaji akasema tuharakishe, tukazika mbiombio.

Baadaye mzee alimfuata kaka yangu pale garini. Hakupandisha sauti.

"Mheshimiwa, daraja utajenga, najua. Lakini nilikuwa na maneno machache ya mtoto wangu. Sasa nitayapeleka wapi?"

Mugendi alimshika bega, akamwambia atampitia nyumbani ayasikilize vizuri. Gari likaondoka.

Daraja alijenga, mwanangu, sitamnyima haki yake. Alilisemea bungeni mpaka wenzake wakamtania kuwa yeye ni mbunge wa mto. Lakini kwa Baba Wawira hakufika. Kila akija alikuta uwanja wa nyumba yake umejaa watu wenye shida zao, na kila mara alisema, wiki ijayo. Vipindi viwili vikaisha hivyo. Cha tatu akanyimwa kura, na uwanja ule ukaota nyasi. Aliye juu mngoje chini, watu walisema, lakini huko chini hakuna aliyekuja kumngoja.

Ndipo alipoanza kuniambia, tukinywa chai sisi wawili, kwamba anataka kwenda kwa yule mzee lakini anaona haya. Angeonekana ameenda kwa sababu hana tena pa kwenda. Nilimwambia aende tu. Akasema, baada ya Krismasi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ugonjwa wa shinikizo la damu ulimchukua kabla ya Krismasi.

Waheshimiwa walijaa mazishini. Waliongea juu ya kura zijazo, mmoja akimwachia mwingine, na mawingu yakawa meusi juu ya mashamba. Mimi, ndugu yake pekee aliyebaki, nilikaa kando ya jeneza na maneno yangu bila kupewa nafasi. Msimamizi alipowapa majirani nafasi moja ya mwisho, aliyesimama ni Baba Wawira, na bakora yake. Nilidhani amekuja kulipiza. Nisingemlaumu.

Alipokea kipaza sauti, akanigeukia.

"Hii dakika yangu mpeni ndugu yake," alisema. "Mimi najua kuikosa ni nini."

Nikasimama, mimi niliyezoea kujificha jikoni wageni wakija. Nikasema Mugendi alikuwa akinibeba mgongoni kuvuka ule mto tukienda shule, na kwamba hakuniacha hata siku moja nilowe miguu. Sikuwa na lingine. Likatosha.

Kesho yake nilivuka daraja la kaka yangu, nikamwomba Baba Wawira anieleze juu ya Wawira. Akaanza na jinsi alivyokuwa akiimba akichuma chai, akikosea maneno ya wimbo makusudi ili wenzake wacheke. Chai yetu ikapoa tukiwa bado hapo.

Mwanangu, ukipewa cheo, cha bunge au cha kikundi cha kanisa, jenga daraja. Lakini palipo na mfiwa, mpishe aongee kwanza. Na ukimkosea mtu, nenda wiki hii, uwanja wako ukiwa bado umejaa, kabla haya haijakufungia njia.

Mungu akupe mdomo wa kutetea watu na masikio ya kuwasikia. Na siku yako ikifika, watu wako wasikose jirani wa kuwapisha dakika.