Alikokwenda Bertha Alfajiri

Mwaka wa hamsini na nne, mashine ya mkonge ilipomnasa Manase mkono wa kulia, kambi nzima ilikaa ikingoja mkewe alie. Bertha hakulia. Alimfuta mumewe damu usoni, akapanda naye lori lililompeleka hospitali ya mjini Tanga. Kesho yake jioni alirudi kwetu Pongwe, akakoka moto, akapika ugali na kisamvu, akala.

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nyumba za kambi zilikuwa ndefu, zimegawanywa vyumba, na kuta za kati hazikufika kwenye bati. Jirani akikohoa ulimsikia. Akigombana na mumewe ulijua na sababu. Basi nikatega sikio. Bertha alikuwa analala! Mimi ambaye mume wangu ni mzima, na mwanangu Noa anakata mkonge bila hata kidonda, ndimi niliyekuwa macho nikiwaza itakuwaje na sisi ikitupata.

Daktari alisema wanauangalia ule mkono. Ukianza kuoza watakata, na wakichelewa Manase atakufa. Mtu wa mashine asiye na mkono hana kazi, na asiye na kazi kambini hana chumba. Hayo Bertha aliyajua kama tulivyoyajua sisi. Sasa usingizi aliupata wapi? Jambo hilo lilinikaa moyoni.

Mwenzangu katika kuchungulia alikuwa Mastura, mwanamke wa Kipemba aliyekuwa akichoma maandazi penye njia ya kuingilia kambini. Siku moja aliniita.

"Mama Noa, huyo shoga yako kila alfajiri anapita hapa na kikapu. Kimefunikwa. Anakwenda wapi?"

"Kuchuma mnavu."

"Mnavu! Mchuma mboga huenda na kikapu kitupu akarudi nacho kimejaa. Huyu huenda nacho kizito akarudi nacho chepesi." Akageuza andazi, akapunguza sauti. "Si unajua kule mapangoni watu huwapelekea mizimu vyakula na ubani?"

"Bertha ni Mkristo, Mastura. Anaimba kwaya."

"Na mumewe yu mahututi. Watu wakibanwa hawaulizi kwaya."

Nilimkemea, lakini neno likaniingia. Kesho yake Bertha alipotoka nami nikatoka, nimejifunga kanga mbili, namfuata kwa mbali. Nilipokwenda kasi nilijiambia nitampoteza Mwokozi wangu kwa umbea. Nilipopunguza mwendo nilijiambia nitampoteza Bertha. Nikaendelea.

Hakuelekea mapangoni. Alipita kibanda cha mwisho, akaingia katikati ya mistari ya mkonge mpaka ukingoni, palipobaki kipande cha ardhi kisicholimwa na mtu. Akatua kikapu. Akatazama huku na huku. Kisha akapiga kelele.

"Nimekuja tena!"

Alisema kwa Kishambaa, nami ni Mbondei, lugha zetu ni ndugu. Nilisikia kila neno.

"Jana nilikuambia habari ya mkono, na leo nakuambia. Huyu mtu ulinipa wewe, sikumwiba! Ukimchukua, binti yetu Lea ataozwa na nani? Mbona umenyamaza? Naogopa. Unasikia? Naogopa sana! Shika wewe! Mimi siwezi kupika nikiwa na hofu hii, siwezi kulala nikiwa nayo. Shika!"

Alipiga mguu chini kama mtu anayedai haki yake kwa jumbe. Alilia, makamasi yakamtoka, akalia tena. Akapenga kamasi, akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na vipande vya miti ya mihogo, vimefunikwa kitambaa kibichi visikauke. Akaanza kupanda, huku akivumisha wimbo puani.

Nilitaka kurudi nyuma polepole. Mwiba wa mkonge ukanichoma paja, nikapiga ukelele.

"Nani huyo? Mama Noa! Umekuja kuniwinda?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Nikamwambia habari ya mapango. Nilingoja anitukane. Alicheka hadi akakaa chini juu ya tuta lake.

"Lakini mwenzangu," nikamwuliza, "mbona mbali hivi? Mungu si anasikia hata chumbani?"

"Anasikia. Na wewe unasikia, na nyapara, na watoto wa jirani yetu Abrahamu. Kwetu mlimani mtu akiwa shambani hupaza sauti anavyotaka. Hapa kambini nitamlilia wapi?"

"Kwa hiyo ukirudi nyumbani huogopi tena?"

"Naogopa. Ila hofu ikinijia saa ya kupika naiambia, nimeshakukabidhi kwa mwenyewe, kesho nitamwuliza amekufanyia nini. Hapo napata kukoroga ugali."

"Na akikataa unachoomba?"

Alishika kipande cha muhogo, akakitazama. "Sijui. Ndiyo maana namgombeza."

Tangu darasa la ubatizo nilifundishwa kwamba mizigo yetu tumwachie Bwana. Hakuna aliyenionyesha inavyofanywa. Nilidhani ni kukaa kimya na kuonekana mpole.

Mkono wa Manase ulikatwa, juu ya kiwiko. Bertha mwenyewe ndiye aliyetuletea habari kutoka mjini. Siku zilizofuata aliondoka alfajiri mapema zaidi, akarudi macho yamevimba, na usiku akalala.

Siku Manase aliporudi, amekonda, mkono mmoja wa shati umekunjwa na kufungwa, chumba kilijaa watu. Nyapara alikuwa hajasema neno juu ya kazi wala chumba. Nilimnong'oneza Bertha, "Na mkifukuzwa?"

"Hilo ni la kesho alfajiri, mama Noa. Leo mume wangu yu hai."

Mastura alileta wali wa nazi na samaki wa kupaka, akauweka mkekani. Tukanawa. Manase alinawa mkono wa kushoto, halafu akauweka pajani, akainama.

"Kula, baba Lea," akasema Mastura.

"Mbele za watu, kwa mkono huu? Tena chakula chako wewe Mwislamu? Hapana, mama."

"Ala! Nimekupikia wewe, sikuupikia mkono. Aliyekubakishia huo mmoja anajua utakavyoutumia. Kula, kabla sijamrudisha samaki wangu!"

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Akaunyosha mkono wa kushoto. Tonge likamponyoka, wali ukamwagika magotini. Mimi siwezi kuona mtu akihangaika. Nikanyosha mkono nimfinyangie. Bertha akanidaka kifundo cha mkono, akakibana. Machozi yalikuwa yakimtiririka, hapo hapo chumbani, mbele yetu sote.

"Mwache," akasema.

Manase akafinyanga tena, polepole. Tonge lilikuwa dogo, limepinda, lakini likafika kinywani. Akatafuna, akageuka kwa Mastura.

"Chumvi umezidisha," akasema.