Makufuli Mawili ya Stoo ya Mafuta

Kazini walimwita Mama Kufuli, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Zamani mafuta ya jeshi yalikuwa yakiibwa kwa madumu, ndipo yeye, mtunza stoo, akashauri mlango uwe na makufuli mawili: ufunguo mmoja akae nao yeye, wa pili afisa ugavi. Wizi ukakoma. Wakubwa wakamsifu, naye akavimba kichwa. Nani asingevimba?

Vita ilipokuja, kikosi cha mbele kiliteka daraja, kikakwama hapohapo, vifaru vimekauka matangi. Kwenye kikosi hicho alikuwemo mdogo wake wa mwisho, dereva, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Malori sita yakapangwa uani yakisubiri kupakia. Afisa naye, loo, kaenda makao makuu na ufunguo mfukoni!

Siku ya kwanza Mama Kufuli alipiga simu. "Yuko kikaoni." Siku ya pili akapiga mpaka sikio likauma. "Bado yuko kikaoni, mama, vuta subira." Subira gani hiyo, jamani?

"Mama, tuvunje," kiongozi wa madereva alimsihi, nyundo mkononi.

"Nikivunja nafungwa. Amri niliiandika mimi: atakayevunja ni mwizi."

"Na wale kule?"

Aliingia ofisini, akaketi chini ya dirisha la nondo, akalia kwa hasira. Akivunja, jela, akitulia, mdogo wake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye aliingia mzimamzima.

Siku ya tatu alasiri aliomba ile nyundo. Kufuli likaachia kwa pigo la pili. Malori yakaenda mbio, yakakutana njiani na askari wanaorudi kwa miguu. Daraja limerudi kwa adui, vifaru vimeachwa, na tangu siku hiyo jeshi likawa la kurudi nyuma tu.

Hakufungwa. Katika zogo lile, nani angeuliza habari za kufuli?

Mdogo wake alirudi na bendeji mguuni. Dada alimkumbatia, akashindwa kumwachia.

"Mbona hamkuondoka mapema, mlipoona mafuta hayaji?"

"Kamanda alitaka turudi siku ya pili. Mimi ndiye niliyemsihi tungoje. Nikamwambia, mafuta yatafika tu, stoo yuko dada yangu." Akatazama chini. "Wakaniamini wote. Tulikuwa arobaini, dada. Tumerudi tisa."